Saruji Kutoka Totana

Quinuapata, 4 Novemba 2001

Mdogo wangu Delfina,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, na la Mama Bikira wa Wingu aliyemkopesha mwanao jina lake. Sisi tungali tunapumua. Juzi, siku ya Marehemu Wote, tulikwenda kwa Mama makaburini. Nilimpelekea mkate na uji wa zambarau, nikamsimulia habari zako zote kwa sauti ya juu, maana unakumbuka sikio lake la kushoto lilikuwa zito. Jirani Asunción akanicheka: "Tránsito, unamfokea maiti?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe, mume wako alikuwa hakusikii hata akiwa hai." Basi tukacheka pale pale kaburini, Mungu atusamehe.

Ng'ombe amezaa dume. Viazi vya kule juu vimeunguzwa na baridi. Simbilisi wamekuwa wengi hata jikoni hakuna pa kukanyaga.

Nube, Wingu wetu, hajambo. Sweta uliyomwachia Juni sasa mikono yake inaishia kwenye viwiko. Anakula. Si sana, lakini anakula. Ni mtulivu.

Tumeletewa mwalimu mpya, anaitwa Homero, wa kutoka Cuenca. Huyu, somo la sayansi halifundishi darasani hata siku moja. Huwatoa watoto nje, nyuma ya shule, pale bondeni ambapo maji ya chemchemi hutuama, akawagawia vioo vya kukuzia vitu, wakalala kifudifudi kutazama wadudu. Nube alirudi na tope hadi kwenye nyusi. Nikaenda kumkabili.

"Mwalimu, mimi nilimleta mtoto asome. Sikumleta achimbe."

"Karibu, Mama Tránsito. Vua viatu uingie."

"Nivue viatu, kwani hapa ni kwa askofu?"

Akacheka. Kisha akaniambia polepole kwamba zaidi ya nusu ya darasa lake wanalelewa na bibi na mashangazi. Wanaumwa matumbo yasiyo na ugonjwa, wanasinzia mezani. "Darasani wanatazama mlango," akasema. "Hapa angalau wanatazama maji." Nikarudi nyumbani pindo la sketi limelowa, sijui nimeshinda au nimeshindwa.

Ukipata nafasi ya kwenda misa, nenda. Mungu wa huko ndiye wa hapa.

Dada yako,
Tránsito

*

Totana, 12 Desemba 2001

Dada yangu Tránsito,

Barua yako imefika na harufu ya moshi wa jikoni. Niliinusa kabla ya kuisoma, wenzangu wakasema nimerukwa na akili. Tunaishi wengi katika nyumba moja, wote wa kwetu. Asubuhi tunasimama barabarani kungoja gari la kutuchukua, kisha kutwa tunakata brokoli, migongo imepinda kama mundu. Hispania ina baridi ambayo hawakutuambia. Misa nakwenda, ila padri anasema mbio kama anayefukuzwa.

Sasa nikuulize. Jumapili ile nilipopiga simu pale kwa padri, mbona Nube hakusema neno? Nilimsikia anapumua tu. Ulisema ana mafua. Mwezi wa kumi pia alikuwa na mafua. Mpeleke zahanati, Dada, usimtibu kwa majani peke yake. Baba yake tangu aende Marekani hakumbuki hata kumtumia peremende. Mtoto hana mwingine ila mimi na wewe.

Lakini nina habari ya kukuinua moyo. Sisi watu wa Quinuapata tulio hapa tumeunda kamati. Tulijiuliza tuwafanyie nini watoto, na mimi ndiye niliyesema: tuwamwagie uwanja wa saruji pale shuleni. Uwanja safi, wa mpira wa wavu na wa gwaride, wenye mistari ya rangi. Wote waliafiki! Mimi ndiye ninayezunguka na kofia kila Jumapili baada ya misa. Lile bonde la maji nyuma ya shule ndipo mahali penyewe, ni tambarare. Tope litakwisha, na wewe utapumzika kufua.

Mwambie Nube kwamba uwanja huo unatoka kwa mama yake. Mwambie akikimbia pale, anakimbia mapajani pangu.

Delfina wako

*

Quinuapata, 27 Januari 2002

Mdogo wangu mpenzi,

Noeli ilipita, Mamajusi wakapita, ndipo barua yako ikaja. Namshukuru Mungu kwa afya yako. Asunción ameteguka mguu akikimbiza nguruwe, nguruwe mzima. Yule dume wa ng'ombe ananyonya hata mkia wa mama yake.

Nikupe kwanza la furaha. Wiki iliyopita nilikuwa nakanda unga, nikasikia miguu inakimbia uani, kisha sauti: "Mama mkubwa! Mama mkubwa, njoo uone, chura ana mfuko mgongoni!" Delfina, donge la unga lilinitoka mkononi. Alikuwa Nube. Nilimfuata na unga mikononi hadi bondeni. Mwalimu amelala kifudifudi kwenye tope kama mwenye dhambi mbele ya altare, watoto wote kandokando yake, hakuna anayepepesa jicho. Na kweli, kulikuwa na chura wa kijani, si mkubwa kuliko yai, mgongo umemvimba. Akainua mguu wa nyuma, akapanua ngozi ya mgongo kwa kidole, na humo wakatoka viluwiluwi, mmoja, mwingine, wanadondokea majini. Miaka yote hii nimeishi na vyura hawa na sikujua kwamba wanabeba watoto mgongoni kama sisi.

Klever, mtoto wa mwenyekiti Abelardo, akapiga kelele: "Anajifungua mgongoni! Kumbe mama yangu alikwenda hospitali bure!" Watoto wakavunjika mbavu. Na Nube akacheka. Alicheka kwa sauti, Delfina. Usiku ule alikula akaongeza. Tangu hapo kila siku ananisimulia: wamenenepa, wamerefuka mkia, yule mwenye doa ni wake, Klever asimguse. Kuna swali alimwuliza mwalimu siku ile, nalo sitaliandika hapa.

Usishtuke nikisema sauti yake ilinishangaza. Alikuwa mtulivu tu, kama nilivyokuandikia.

Sasa ombi langu, nalo naliweka mbele yako kwa magoti. Huo uwanja, tuumwage upande wa barabarani, au mbele ya kanisa. Waambie wenzako. Lile bonde tuliache lilivyo. Sina elimu ya kueleza kwa nini. Ila nimemwona mtoto akirudi kutoka mahali nisipopajua, na njia aliyopitia ni ile.

Nakuombea kila machweo.

Dada yako,
Tránsito

*

Totana, 10 Machi 2002

Dada,

Mimi mzima. Hali ya hewa nzuri. Salamu kwa wote.

Aliacha kuzungumza lini? Nijibu hilo kwanza. Mafua yote yale! Nimepiga simu kila mwezi, nimemwimbia mtoto wangu nikidhani koo linamuuma, kumbe mnanisikiliza wote wawili mmenyamaza. Nimwamini nani sasa?

Kuhusu saruji, pesa ziko kwa mzee Abelardo tangu Februari, hazirudi. Nami sitaki zirudi. Hebu nifahamu, Dada. Mimi hapa nimeinama matopeni kutwa. Mikono inanuka tope hata nikiiosha kwa sabuni ya nguo. Niliacha nchi yangu na mwanangu ili yeye asikanyage tope, halafu wewe unaniandikia kwamba tope ndilo dawa yake? Huyo mwalimu ana watoto? Wako wapi, matopeni? Au wako Cuenca, kwenye shule yenye sakafu?

Niwaambie nini wenzangu? Kwamba zile senti walizojinyima, dada yangu anaona afadhali vyura? Watanicheka hadi Krismasi.

Nube niliyemwacha alikuwa anasema hata usingizini. Umemfanya nini mwanangu?

Delfina

Nisamehe mstari huo wa mwisho. Nimeshaufunga mkono wangu usiandike tena, na stempu imebaki moja, siwezi kuanza upya. Usimsomee.

*

Quinuapata, 21 Aprili 2002

Mdogo wangu,

Nimekusamehe kabla sijafika kwenye ombi lako la msamaha, nawe ulijua. Kwaresima ilikuwa ndefu mwaka huu. Pasaka tulipika supu ya samaki na maboga, nafaka zote zilikuwamo, tukakuwekea sahani. Ng'ombe mzima.

Umeuliza aliacha lini. Aliacha siku ile basi lilipoondoka na wewe. Si siku ya pili yake, wala si baada ya wiki. Nilidhani ni huzuni ya siku chache, nikakuficha ili usishuke njiani ukarudi. Kisha ikawa nimeshaficha.

Sasa nikueleze ya uwanja, maana utaelezwa na wengine kwa namna yao.

Mkutano wa wazazi ulifanyika shuleni Jumapili baada ya Pasaka. Mwalimu Homero alisimama, kofia mkononi, akasema watoto wana mahali pamoja tu katika shule hii ambapo hawaumwi, akaomba tusipazibe. Mzee Abelardo, mwenyekiti, akamjibu kwa upole kabisa:

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini vyura hawapigi kura."

"Wala hawatumi pesa kutoka Hispania!" akadakia Asunción, na mguu wake umefungwa kitambaa. Watu wakaangua kicheko.

"Basi waulizeni watoto," akasema mwalimu.

"Tukiwauliza watoto, mwalimu, shule tutaijenga kwa peremende," akasema Abelardo.

Ndipo nikasimama mimi. Unajua nisivyopenda kusema mbele za watu. Nikasema tuumwage upande wa barabarani. Mmoja akasema kule kuna mteremko, mpira ukitoka utadakwa pwani, Guayaquil. Wakacheka tena. Kisha Abelardo akanitazama, machozi yanamlengalenga, si mtu mbaya yule, wanawe watatu wako huko huko mliko:

"Mama Tránsito, hili ni jasho la mdogo wako. Unataka tulikatae jasho lake?"

Nikakaa. Mikono yote ikapanda.

Hakuna mtu mbaya katika habari hii, Delfina. Ningempata mmoja tu ningepumzika.

Msaragambo ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Kila nyumba ilitoa mtu. Wanaume walibeba mawe kutoka kijitoni kwa machela, wanawake tukapika mahindi na viazi, simbilisi wakachomwa, mtu akaleta redio. Walifurahi, nisikufiche. Wazee ambao hawajacheka tangu vijana wao waondoke, siku hiyo walitaniana: "Hili jiwe la mwanangu! Hili la bintiyo, mbona dogo, au Hispania hawamlishi?" Kila mtu alikuwa kama ameshikana mkono na mtu wake wa mbali.

Mwalimu na watoto wachache walikuwa wakichota viluwiluwi kwa ndoo mbele ya mawe, kuwapeleka kwenye mfereji wa chini. Nube alichukua sufuria yangu. Alikwenda na kurudi, hakumwaga hata tone. Kesho yake ilikuwa zamu ya watu wa juu kumwagilia mashamba, wakageuza maji. Si kwa ubaya, ni zamu yao ya siku zote, na katika shangwe ile hakuna aliyekumbuka, naye mwalimu si wa hapa, hakujua. Nube alikuta mfereji umekauka. Alirudi nyumbani, akaiosha sufuria, akaitundika mahali pake.

Hajasema tena.

Lile swali nililokataa kukuandikia, nakuandikia sasa, maana nimechoka kuchagua ya kukuambia. Siku ile chura alipotoa watoto wake akaruka akaenda zake, Nube alimwuliza mwalimu: "Mama yao atarudi?" Mwalimu hakumdanganya. Alisema, "Harudi. Lakini kabla hajaondoka huwatafutia maji yasiyokauka." Nube alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Ndio usiku ule alioongeza chakula.

Usilie ukiwa kazini, watakufukuza.

Tránsito

*

Murcia, 16 Juni 2002

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi salamu. Barua yako niliipata mwanzoni mwa Mei. Nimeijibu nikachana, nikajibu nikachana.

Unaona juu nimeandika Murcia. Nami nilikuwa na yangu niliyokuficha, hata katika barua ya Machi. Shambani waliniondoa tangu Januari kwa sababu ya mkono, vidole vilikataa kufumba. Sasa nalea watoto wa bibi mmoja hapa mjini. Nawaogesha, nawalisha, nawapeleka shule na kuwachukua. Wananiita Fina. Sikukuandikia kwa sababu sikujua namna ya kuandika kwamba naosha vichwa vya watoto na wangu hayumo.

Wiki mbili zilizopita shule yao iliwatoa nje kwa somo. Walihitaji watu wazima wa kuwasindikiza, bibi akanituma mimi. Tukaenda kwenye bustani kubwa yenye kidimbwi. Mwalimu wao akawalaza wote kifudifudi ukingoni, akawagawia vioo. Nguo nyeupe, Dada, na hakuna aliyewakemea. Mimi nilishika majaketi yao. Yule mdogo akaja kunivuta, mikono yote tope: "Fina, Fina, njoo uone!"

Nilimwambia nakuja. Nikaenda nyuma ya mti nikasimama huko na majaketi.

Jioni bibi aliniuliza ilikuwaje. Nikasema ilikuwa nzuri. Akasema, "Inawatuliza sana, siku hizi wataalamu wote wanasema hivyo. Nililipia shule ile kwa ajili hiyo." Nikasema ndiyo, bibi.

Siwezi kuja. Nikitoka sasa hawatanifungulia tena, na karatasi zangu zimelala ofisini haijulikani hadi lini. Wala siwezi kumleta. Nimeuliza kila dirisha. Unaponiombea, usiniombee afya, niombee karatasi.

Dada, saruji haiwezi kuvunjwa? Si yote. Kona moja tu. Mwambie Abelardo ni mimi niliyesema, mimi niliyezunguka na kofia. Niko tayari kuzunguka tena kuwaomba radhi. Kona moja, maji yapate pa kukaa.

Anaongea?

Delfina

*

Quinuapata, 28 Julai 2002

Mdogo wangu Delfina,

Marahaba, na baraka ya Mama juu yako, popote unapolaza kichwa. Mkono wako uukande kwa chumvi na maji moto. Yule dume tumemuuza. Mvua zimekoma, upepo umeanza, paa la Asunción limeruka na yeye analisimulia kama muujiza.

Nilikwenda kwa Abelardo siku hiyo hiyo niliyopata barua yako, sikungoja hata kuvua aproni ya jikoni. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Tuvunje? Jina la mdogo wako nimeliandika pale kwa mkono wangu, mama." Nikasema ndiye mwenyewe anayeomba. Akaondoka nami hadi uwanjani, akachukua mtalimbo, akapasua kona, mzee wa watu, jasho linamtoka. Nilidhani ataniambia niende zangu, kumbe alipasua. Chini yake mlikuwa na mawe, na chini ya mawe mchanga mkavu. Maji yameshaondoka. Chemchemi ilipozibwa ilijitafutia njia kwingine, inatokea mbali kule chini kwenye shamba la watu, na huko wameitia bomba. Abelardo alishika mchanga ule mkononi muda mrefu. Akasema, "Sikujua, Tránsito." Nikamwambia hakuna aliyejua. Akaziba pale alipopasua ili watoto wasijikwae.

Mwalimu Homero alihamishwa tangu Mei. Aliaga watoto mmoja mmoja. Kwa Nube alipiga goti, akangoja kidogo kama atasema kitu, hakusema, naye hakumlazimisha. Mwalimu wa sasa ni Bibi Piedad. Sayansi inafundishwa darasani. Wamechora chura kutoka ubaoni, na mishale yenye majina ya viungo. Nube amechora vizuri kuliko wote, mishale imenyooka.

Umeuliza anaongea. Haongei, Delfina. Hali chakula ila nimlishe, na nikimlisha hakatai. Sijui lililo baya zaidi. Zahanati walimpima wakasema hana ugonjwa. Padri amemwombea. Mimi naomba, lakini siku hizi nikimaliza sala hubaki pale chini nimepiga magoti, sijui niongeze nini. Sijamwacha Mungu. Ila nahisi kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anasikia watu ndani, na hakuna anayefungua.

Jumatano ilikuwa sherehe ya kufunga shule, ya kwanza kwenye uwanja mpya. Mistari ya rangi, bendera, watoto wamevaa viatu vyeupe na hakuna hata kimoja kilichochafuka. Wazazi walijaa. Bibi Piedad alisoma tuzo. Ya hesabu, ya kusoma, kisha akasema sasa tuzo ya mwenendo mwema, kwa mtoto aliye msafi na mtulivu kuliko wote, ambaye mwaka mzima hakumsumbua mwalimu hata mara moja. Akaita jina la mwanao. Wakamvalisha utepe wa buluu. Alisimama katikati ya uwanja ule, mikono imenyooka ubavuni, akitazama mbele kama askari.

Watu wote walipiga makofi. Wakanigeukia mimi, wananitabasamia, Asunción ananisukuma kwa kiwiko: "Piga na wewe, mwanao huyo!"

Nami nikapiga, mdogo wangu.

Dada yako asiyekuficha tena kitu,
Tránsito